Umri wa Nguo na Umri wa Mwanamke

Katika miji ya Afrika Mashariki limeenea wazo, linalosemwa na mama wakwe, mashangazi na hata wauza nguo wenyewe, kwamba mwanamke akishatimiza miaka 40 au 50 anapaswa kurefusha sketi, kupunguza rangi, kuachana na suruali za kubana na kuanza "kuvaa kama mtu mzima", na wazo hilo husemwa kwa uhakika wa mtu anayesimulia mila za mababu. Historia ya mavazi ya eneo hili haithibitishi urithi huo. Ni kweli kwamba mwanamke wa pwani, wa bara na wa nchi za maziwa makuu alibadili mavazi mara kadhaa maishani mwake, lakini kilichombadilishia mavazi kilikuwa hadhi yake katika jamii, yaani kutolewa unyagoni, kuolewa, kuzaa, kuoza mtoto au kufiwa na mume, wala idadi ya miaka haikuwa kipimo, na isingeweza kuwa kipimo pale ambapo watu wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa.

Pwani yenyewe inatoa ushahidi wa kutosha. Msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, mwanamke mzima mwenye jukumu la kumfunda mambo ya usafi, ya ndoa na ya heshima, na katika mafunzo hayo mavazi yalikuwa na sehemu yake. Hata hivyo, mapambo aliyofundishwa hayakuwa yake bado. Kwa desturi za Waswahili, hina ya mikononi na miguuni, wanja, kikuba cha asumini na mrehani, na nguo zilizofukizwa udi vilikuwa haki ya mwanamke aliyeolewa, ilhali mwali ambaye hajapata mume alitakiwa avae nguo za kawaida na asijikwatue, kwa kuwa hakukuwa na mtu halali wa kujipambia. Utaratibu huo ni kinyume kabisa cha ule unaohubiriwa leo mijini, ambamo kijana ndiye anayeruhusiwa kung'ara na mama ndiye anayetakiwa kufifia. Katika utaratibu wa zamani mwanamke alianza na kidogo akaongezewa, na kila hatua ilimletea kitambaa chake: hata mkaja, ukanda wa nguo ambao mzazi hufungwa tumboni baada ya kujifungua, uliingia katika orodha ya vitu ambavyo upande wa bwana harusi humlipa mama wa bibi harusi, pamoja na mbeleko ya kubebea mtoto, ili kumtambua aliyeuchosha mwili wake kwa ajili ya binti anayeolewa.

Eda nayo inaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa majonzi. Mjane wa Kiislamu hukaa eda kwa miezi minne na siku kumi, isipokuwa akiwa mjamzito, ambapo eda yake huisha kwa kujifungua, na katika muda huo huacha manukato, hina, wanja, dhahabu na nguo za kujipamba. Muda ukiisha, katazo nalo huisha, na sheria haimwulizi kama ana miaka 25 au 70. Mbali na pwani, kwa Warendile wa kaskazini mwa Kenya, mwanamke aliyemzaa mtoto wa kwanza wa kiume alijengewa kichwani doko, yaani kishungi kirefu cha nywele zilizokandikwa udongo na mafuta, akakaa nacho mpaka mwanawe atahiriwe au yeye mwenyewe afiwe na mume au ndugu wa kiume wa karibu. Doko lilitangaza uzazi wake kwa kila aliyemwona. Umri wake haukutangazwa na chochote.

Wapo watakaosema kwamba dini ndiyo inayomtaka mwanamke mzee ajistiri zaidi, na hoja hiyo inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu matini yenyewe yanaelekea upande mwingine. Aya ya 60 ya Sura An-Nur inawataja wanawake waliokaa, yaani waliopita umri wa kuzaa na wasiotarajia kuolewa tena, na inawapa ruhusa ya kuweka kando nguo zao za juu bila ya kuonyesha mapambo, ingawa inaongeza kwamba kujizuia ni bora kwao. Wafasiri wametofautiana kuhusu nguo gani hasa inayokusudiwa, lakini wanakubaliana kwamba aya inalegeza hukumu kwa ajili ya umri na haiikazi. Ni ajabu kidogo kwamba ruhusa hiyo hutajwa kwa nadra barazani, wakati makatazo hutajwa kila siku. Kwa upande wa makanisa, sare za vyama vya akina mama, kama vile vitenge vya Wanawake Wakatoliki Tanzania, wanaojulikana kwa kifupi kama WAWATA, huvaliwa na mama wa miaka 30 na bibi wa miaka 80 katika safu moja, kwa sababu kinachowaunganisha ni uanachama.

Basi wazo la nguo za kijana na nguo za kizee limetoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya nguo zenyewe, kwa maana nguo zinazoitwa za kizee karibu zote zilianza zikiwa nguo za vijana, nazo zikazeeka pamoja na kizazi kilichozivaa kwanza.

Kanga ni mfano ulio karibu zaidi. Kabla yake, wanawake wengi wa Unguja na Mombasa wasiokuwa wa tabaka la juu walivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani tangu miaka ya 1830, au kaniki, kitambaa chenye rangi ya nili iliyokolea, na vitambaa hivyo viwili vilihusishwa na utumwa na umaskini. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi yanaeleza kwamba katika robo ya mwisho ya karne ya 19 wanawake walianza kununua leso zilizochapwa maua kabla hazijakatwa kwenye jora, wakaunganisha leso sita kuwa kipande kimoja kipana, na wafanyabiashara walipoona mtindo huo unapendwa wakaagiza vitambaa vilivyochapwa vikiwa vizima. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo kanga zake zinatambulika kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla", lilianzishwa mwaka 1887. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakajifunga kanga za rangi na kufunika vichwa, na kwa kufanya hivyo walidai nafasi waliyonyimwa. Nguo hiyo ilikuwa mpya na ilibadilisha michoro kwa kasi iliyowasumbua waagizaji, na mwanamke aliyejifunga kanga ya mwaka uliopita alionekana amepitwa. Leo msichana wa Dar es Salaam anayemwona bibi yake na doti ya kanga, moja kiunoni na nyingine mabegani, huona vazi la uzee, asijue kwamba anatazama mtindo uliopata kuwa kero kwa wazee wa wakati wake.

Buibui lina historia inayofanana. Wanawake wa tabaka la juu wa Lamu walitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa wao, na kwingineko wanawake walijifunika ukaya. Buibui jeusi lilienea Unguja na mwambao wa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, likavaliwa na wanawake wa asili mbalimbali, jambo lililokuwa la kisasa kwa viwango vya wakati huo. Buibui la aina ile, lililoshonwa pana kama mfuko na kufungwa kichwani kwa utepe, sasa limebaki kwa vikongwe, na mahali pake pamechukuliwa na mabuibui ya kukata kama koti na yale ya mitindo ya Ghuba yenye nakshi mikononi. Ikumbukwe pia kwamba buibui la zamani lilikuwa na sifa moja ambayo mjadala wa umri huisahau: mtu aliyelivaa na kuvuta upande wake mpaka puani hakujulikana umri wake, na ni nadra kupata vazi lililofuta tofauti kati ya mama na binti kwa ukamilifu kiasi hicho.

Uganda inatoa mfano ulio wazi kuliko yote. Gomesi, gauni refu lenye mabega yaliyochongoka, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto na mshipi mpana, linahusishwa na shule ya wasichana ya Gayaza na mafundi cherehani wenye asili ya Goa mwanzoni mwa karne ya 20. Lilikuwa vazi la wanafunzi. Karne moja baadaye ni vazi la mama mwenye heshima kwenye harusi, kwenye posa na kwenye mazishi, na msichana anayelivaa hulivaa kwa shughuli maalumu, akiwa amebanwa na mshipi ambao kiuno chake hakijauzoea.

Kwa mtazamo huo, ugomvi wa mavazi mara nyingi ni ugomvi wa vizazi uliovishwa joho la maadili. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni iliyokusudia kupiga marufuku vimini, nywele za bandia, krimu za kujichubua na suruali za kubana mjini Dar es Salaam kuanzia Januari 1969, na hata kabla ya tarehe hiyo wanawake walishambuliwa hadharani Kariakoo kwa sababu ya urefu wa sketi zao. Walioshutumiwa walikuwa wasichana; aliyekuwa na miaka 20 wakati huo sasa amepita miaka 75. Jijini Nairobi, Novemba 2014, wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu, na katika maandamano hayo walikuwemo akina mama waliofunga vitenge waliotembea bega kwa bega na wasichana wenye vimini. Hoja iliyotumiwa na washambuliaji, kwamba mwanamke avae "kama mama", haikuwa na uhusiano na umri wa yeyote.

Neno hilo la mama, hata hivyo, lina nguvu yake katika maisha ya kila siku, na pengine ndiko kanuni ya umri inakopata makali. Mwanamke aliyefunga kitenge na kilemba akiingia ofisini, zahanati au sokoni huitwa mama na hupishwa. Mwanamke yuleyule akija na jinzi na fulana huitwa dada, au anko wa mlangoni humwuliza anamtafuta nani. Hivyo wapo wanawake wa miaka 30 wanaochagua nguo za watu wazima kwa makusudi, hasa walimu, wauguzi na wafanyabiashara wanaodai madeni, na wapo wa miaka 60 wanaofuata njia nyingine kwa sababu hawahitaji tena kupishwa na mtu. Wanaume hawakabiliwi na hesabu hiyo. Kanzu, koti na suruali humfaa kijana wa miaka 20 na mzee wa miaka 80 bila swali.

Mahali ambapo jambo hili hutatuliwa kwa busara kuliko mabarazani ni kwa fundi cherehani. Harusi za Tanzania na Kenya zimezoea sare, ambapo ndugu wote wa upande mmoja hununua kitambaa kimoja, na kila mmoja akapeleka kipande chake kwa fundi wake. Rangi na maua ni yaleyale, mshono ndio unaotofautiana. Fundi mzoefu hapimi umri, hupima mwili, na mwili kwa kweli hubadilika. Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55, na homoni ya estrojeni inapopungua ngozi hupoteza kolajeni, yaani protini inayoipa uimara, ikawa nyembamba na rahisi kukwaruzwa na mishono migumu au lastiki kali. Vipindi vya joto la ghafla, vinavyowapata wengi katika miaka hiyo, huvumilika vizuri zaidi ndani ya pamba kuliko ndani ya poliesta, kwa sababu pamba hufyonza jasho na kupitisha hewa. Uti wa mgongo ukipinda kwa udhaifu wa mifupa, gauni lililokatwa kwa kipimo cha zamani hupanda nyuma na kuning'inia mbele, kwa hiyo urefu wa mgongo hupimwa upya na upindo wa mbele hupunguzwa, tena kwa sababu ya usalama, maana upindo unaoburuza mbele humkwaza mvaaji kwenye ngazi. Bega lenye baridi yabisi halifikii zipu ya mgongoni. Vifungo vya mbele humwondolea mwanamke haja ya kumwita mtu amfunge. Nyayo hupanuka, na kiatu cha saizi ya ujana huumiza.

Mabadiliko haya yote yanaweza kufanywa katika kitambaa chekundu au cheusi, katika gauni fupi au refu. Dera, gauni pana la kitambaa chepesi lililotoka pwani likaenea mpaka bara, limependwa na rika zote kwa sababu halibani, halihitaji zipu na halimwulizi mvaaji kiuno chake kimekuwa na inchi ngapi, na fundi yeyote wa Mombasa au Tanga huweza kulikata kwa dakika chache likamtosha mjukuu na nyanya yake.