Hisa, Gawio na Fedha za Mabati

  

 Tumeulizwa suala ambalo wazee wetu hawakuulizwa. Muumini mmoja mkulima, alipolipwa fedha za kahawa yake miaka kadhaa iliyopita, alinunua hisa za kampuni inayotengeneza bia. Kila mwaka hupata gawio. Mwaka huu alikusudia kulitoa lote linunuliwe mabati ya madrasa. Watu wakatofautiana, huyu akisema zipokelewe, yule akisema zirudishwe. Naye akatujia kwa huzuni, kwani nia yake ilikuwa njema. Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili tangu msingi wake, maana vijana wengi sasa wanaliuliza.

Hisa ni fungu la umiliki. Aliye na hisa moja ya kiwanda cha saruji anamiliki sehemu ndogo ya tanuru lake, ya magari yake na ya madeni yake pia. Hakukikopesha kiwanda fedha. Ameingia nacho ubia. Na ubia si jambo geni katika sheria yetu. Vitabu vya fiqhi vina mlango mzima wa sharika, na Mtume (S.A.W.) alikuwa mfanya biashara kabla ya kupewa utume, akisafiri na mali ya Bibi Khadija (R.A.). Faida ya ubia ni halali kwa sababu mwenye kuipokea ndiye abebaye hasara inapotokea. Riba ni kinyume chake: mkopeshaji amejiwekea ziada yake, apate mkopaji au akose.

Basi yule aahidiye faida isiyokosa, jihadharini naye. Mnakumbuka upatu wa DECI, ambao watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha wavune maradufu. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, na waliochelewa kupanda hawakuvuna kitu. Hapakuwa na kiwanda wala shamba nyuma yake. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha za aliyefuata.

Katika nchi yetu hisa za makampuni ya umma huuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwezi wa Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL. Mnunuzi hahitaji kusafiri. Hufunguliwa akaunti ya kuhifadhia hisa kwa dalali aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na siku hizi hata kwa simu, kwa programu ya Hisa Kiganjani. Dalali hutoza ujira kila unaponunua na kila unapouza. Kwa sababu hiyo anayenunua leo na kuuza kesho hujikuta amefanya kazi ya kumnufaisha dalali.

Sisi watu wa Mbozi tunaujua mkahawa. Ukiupanda leo, huchumi mwakani. Wangoja kama miaka mitatu, ukipalilia. Kisha wachuma matunda na mti unabaki. Anayetaka gawio na ashike hisa zake vivyo hivyo. Asinunue kwa fedha za ada ya watoto, wala za mbolea, wala za kukopa, kwani soko letu ni dogo, na mwenye haja ya haraka huenda akangoja majuma mengi kabla ya kupata mnunuzi. Bei nayo hushuka. Vodacom Tanzania ilipouza hisa kwa wananchi mwaka 2017, kila moja ilikuwa shilingi 850; baadaye bei sokoni ilishuka chini ya hapo, na aliyelazimika kuuza wakati ule alipata hasara.

Gawio lenyewe si mshahara. Wakurugenzi hulipendekeza, mkutano mkuu wa wenye hisa huliidhinisha, na hulipwa wale tu ambao majina yao yamo daftarini siku iliyotangazwa. Mwaka wa hasara halipo. Ndege zilipokoma kuruka mwaka 2020 kwa ajili ya korona, mwenye kutegemea hisa za kampuni ihudumiayo ndege peke yake angekula nini? Ndiyo maana twasema fedha zigawanywe katika kampuni za kazi mbalimbali, na zinunuliwe kidogo kidogo, msimu baada ya msimu.

Mfano wa hesabu. Una hisa 1,000, ulizinunua kwa shilingi 500 kila moja. Mtaji wako ni 500,000. Gawio likiwa shilingi 30 kwa hisa, ni 30,000. Kodi ya gawio kwa kampuni zilizosajiliwa sokoni ni asilimia 5, yaani 1,500. Utapokea 28,500. Si utajiri, lakini mwenye kununulia hisa nyingine fedha hizo kila mwaka huona zinaongezeka.

Sasa tuje kwenye halali na haramu. Sokoni zimo kampuni za bia na za sigara, zilizoingia mwaka 1998 na 2000. Zimo benki za riba, NMB tangu 2008 na CRDB tangu 2009. Dirisha la Kiislamu ndani ya benki ya namna hiyo halibadili hukumu ya hisa zake, kwa kuwa hisa ni ya benki nzima. Hizo Mwislamu aziache, hata zikilipa vizuri. Ugumu uko kwa kampuni za kazi halali, kama saruji, zenye kukopa kwa riba au kuweka fedha benki. Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1992 liliona asili yake ni kukatazwa. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain iliruhusu kwa mipaka: mikopo ya riba isifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba vivyo hivyo, na pato lisilo halali lisizidi asilimia 5 ya pato lote. Sisi twauona usalama katika kauli ya kwanza, lakini hatumlaumu afuataye ya pili, ilimradi asome hesabu za kampuni za kila mwaka na asitosheke na uvumi.

Na huyo atasafisha pato lake. Kampuni ikiwa imepata riba ya shilingi milioni 100, na ina hisa milioni 200, kila hisa imebeba senti 50. Mwenye hisa 1,000 atoe shilingi 500 kwa maskini, bila kuzihesabu kuwa zaka wala kungoja thawabu ya sadaka.

Kuhusu zaka, aliyenunua hisa ili auze hutoa asilimia 2.5 ya bei yake sokoni kila mwaka. Aliyenunua kwa ajili ya gawio, na hana njia ya kujua mali za kampuni zipasazo zaka, Baraza hilohilo lilisema mwaka 1988 kwamba hutoa asilimia 2.5 ya gawio, baada ya kupita mwaka tangu alipokee, likifika nisabu pamoja na mali yake nyingine.

Tena andikeni hisa zenu, na mumwambie mtu wa nyumbani. Hisa ni mali ya mirathi. Mke na mabinti wana mafungu yao humo, na hawawezi kudai wasichokijua.

Ama yule ndugu yetu, tulimjibu hivi. Mtaji alionunulia ulikuwa wa kahawa, nao ni wake. Auze hisa zile auchukue. Gawio alilokwisha kulila bila kujua, twamtarajia msamaha wa Mola. Lililobaki mkononi, pamoja na ziada juu ya mtaji, liende kwa mafukara au kutengeneza njia ya kijiji, si kwa madrasa, na asijihesabie kuwa ametoa sadaka. Amekubali. Mabati ameahidi kuyanunua kwa kahawa ya msimu ujao, japokuwa yatakuwa machache kuliko alivyonuia.