Kijana kontrakta, kata ya KRA kabla ya kumlipa fundi

Umepata kandarasi yako ya kwanza, kujenga nyumba za kupangisha kule Kitengela. Kampuni umesajili, mwenye ploti ameridhika, na Jumamosi jioni mafundi wamekuzunguka saiti wakingoja chao. Fundi wa stima anadai Sh200,000. Unatoa simu, unamtumia zote, mnaagana kwa kicheko. Hapo umeingia kwenye deni bila kujua.

Sheria inakutaka wewe unayelipa ukate asilimia 3 ya malipo ya kazi ya ujenzi, kisha umpe fundi kinachobaki. Kwa hizo Sh200,000, KRA inachukua Sh6,000 na fundi Sh194,000. Ukituma zote, KRA itakudai wewe hizo Sh6,000, pamoja na adhabu na riba. Na fundi ashakula pesa zake, utamrudia ukimwambia nini?

"Lakini mimi humlipa kidogo kidogo," utasema. Haisaidii. Kinachoangaliwa ni jumla ya mwezi, na ikifika Sh24,000 lazima ukate. Ukimtumia Sh10,000 mara tatu, tayari ni Sh30,000.

Chunga pia hesabu. Kama fundi amesajiliwa kwa VAT, ataongeza asilimia 16 na ankara itasoma Sh232,000. Asilimia 3 hukatwa kwenye zile Sh200,000 za kazi, si kwenye jumla.

Ukishakata, usikae na pesa. Tangu Julai 2023, una siku 5 za kazi kuziwasilisha kupitia iTax. Usizinunulie simiti ukijiambia utarudisha mwisho wa mwezi. Ukishalipa, mfumo hutoa cheti. Mtumie fundi, maana atakitumia kupunguza ushuru wake mwenyewe. Pesa zake hazijapotea.

Kosa linalouma zaidi ni kulipa bila ankara ya eTIMS. Tangu Januari 2024, malipo yasiyo na ankara hiyo huwezi kuyaondoa kwenye mapato yako wakati wa kupiga hesabu ya ushuru. Maanake, hizo Sh200,000 zitahesabiwa kama faida yako, na kampuni hutozwa asilimia 30. Sh60,000 zimeenda, kwa pesa ambazo hata hukuzila! Meseji ya M-Pesa haitoshi. Kama fundi hana kompyuta, abonyeze *222# hata kwa mulika mwizi, mradi awe na PIN yake. Hakikisha na PIN ya kampuni yako iko kwenye ankara.

Haya yote mwambie fundi kabla hajashika waya: "Kaka, nitakukata asilimia 3 ya KRA, cheti nitakutumia, na bila ankara ya eTIMS sitalipa." Huenda akanuna, akadhani unampunja. Mwonyeshe hesabu. Afadhali mzozane siku ya kwanza saiti kuliko ulipe ushuru wake na wako mwaka ujao, wakati faida ya zile nyumba ilishaisha.