Gadi, Mwega na "Shoki": Jinsi Boneti na Buti za Gari Zinavyoshikiliwa Zikiwa Wazi

Utangulizi

Adhuhuri moja mjini Bungoma, mwandishi wa makala haya aliabiri gari aina ya Toyota Probox lililokuwa likipakiwa magunia. Mlango wa buti ulikuwa umeinuka juu ya kichwa cha kijana aliyepakia, wala hapakuwa na aliyeushika. Kesho yake alfajiri, gari lilo hilo likipakuliwa mjini Kitale, mlango uliteremka polepole, kisha ukamwangukia kijana begani. Dereva alilaumu "shoki", akaokota mti, akautegemeza. Makala haya yanakusudia kueleza ni nini hushikilia boneti na buti zikiwa wazi, kwa nini nguvu hiyo huisha, na kifaa hicho tukiiteje.

Fimbo

Njia kongwe na rahisi ni fimbo ya chuma. Aghalabu hulazwa mbele ya injini, ikainuliwa na ncha yake kuchomekwa katika tundu lililo upande wa ndani wa boneti. Watu wa pwani wana neno la kale kwa kazi hii: gadi, yaani mti unaoegemezewa chombo kisilale ubavu maji yanapokupwa. Fimbo haichoki. Hatari yake ni ncha kutoingia barabara tunduni, au upepo kuiinua boneti na fimbo ikachomoka.

Springi

Katika magari mengi ya saluni, buti huinuliwa na vyuma viwili vyembamba vilivyopitishwa chini ya rafu ya nyuma, kutoka bawaba moja hadi nyingine. Buti inapofungwa, vyuma hivyo husokotwa. Inapofunguliwa, hujisokotoa na kuisukuma juu.

Gesi

Mlango mzito wa nyuma, kama ule wa Probox, hushikiliwa na silinda mbili zilizojazwa gesi ya nitrojeni pamoja na mafuta kidogo. Ndani ya kila silinda mna pistoni iliyoungwa na ufito wa chuma unaotokeza nje. Pistoni ina kitundu, kwa hiyo gesi hupita na kuwa na kanieneo sawa pande zote mbili. Msomaji atauliza: ikiwa pande zote ni sawa, nini kinachosukuma? Jibu liko katika ufito. Upande mmja wa pistoni, sehemu ya eneo imekaliwa na ufito, hivyo gesi haina pa kusukuma hapo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo nguvu yote. Ufito wenye kipenyo cha milimita 8 una eneo la takriban milimita mraba 50. Kanieneo ikiwa mara 100 ya ile ya hewa, nguvu hufikia takriban nyutoni 500, sawa na uzito wa kilo 50. Mafuta nayo hupunguza kasi mwishoni na kulainisha mpira unaozuia gesi isivuje.

Kisa cha Kitale

Gesi iliyofungiwa hupungua kanieneo inapopoa. Tuseme adhuhuri ya Bungoma ina nyuzi 30 na alfajiri ya Kitale nyuzi 12: nguvu hupungua kwa takriban asilimia 6. Silinda mpya ina akiba ya kutosha. Ile iliyokwisha kuvuja kwa miaka mingi haina. Mchana huweza, alfajiri hushindwa. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bungoma 1,400 hivi. Lakini tofauti ya hewa ya nje baina ya miji hiyo haifikii hata sehemu moja kwa elfu ya kanieneo iliyomo silindani. Lawama ni ya baridi na uchakavu, si ya mlima.

Basi mlango unaoteremka wenyewe asubuhi ni onyo. Silinda zibadilishwe zote mbili pamoja, zifungwe ufito ukielekea chini mlango ukiwa umefungwa, ili mafuta yafikie mpira. Zilizokufa zisikatwe wala kutupwa motoni, kwani gesi iliyobaki yaweza kuzilipua.

Hitimisho

Mafundi wetu huiita silinda hii "shoki", jina la kifaa kinachotuliza mitikisiko ya magurudumu. Sura zinafanana, kazi ni mbalimbali: moja hutuliza, nyingine huinua na kushikilia. Kiswahili kina mwega, nguzo ya kuegemezea kitu kisianguke. Tunapendekeza "mwega wa gesi", huku fimbo ikibaki kuwa "gadi ya boneti". Wenye kuamua ni mafundi wa Kitale na Bungoma, kwani istilahi isiyofika gereji hubaki kamusini. Hata hivyo, jina linalotaja kazi humkumbusha anayeinama chini ya mlango huo kwamba kuna kitu kinachoubeba, na kwamba kitu hicho huchoka.