Gobole la Plastiki: Majimbo ya Marekani na Bunduki Zisizo na Namba

Kiswahili kina neno gobole. Ni bunduki ya kienyeji ambayo fundi huiunda kwa bomba la chuma na gogo, kisha hushindiliwa baruti mdomoni. Hadi leo polisi wa Tanzania hulitaja neno hilo wanapoonyesha silaha walizokamata kwa majangili. Hapa Marekani tunakosoma, gobole limerudi kwa sura mpya: bastola ya plastiki na chuma, iliyoungwa nyumbani, isiyo na namba yoyote. Wenyeji huiita bunduki ya mzimu, kwa sababu haina kwao wala haina mwenyewe.

Namba hiyo ina kazi gani? Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamtaka kila mtengenezaji mwenye leseni aipige chapa kila bunduki. Polisi wakiokota bastola penye tukio, namba huwapeleka kiwandani, kutoka kiwandani hadi dukani, na dukani hadi kwa mnunuzi wa kwanza. Lakini sheria hiyo haikumbana mtu anayejitengenezea bunduki ya kutumia mwenyewe. Enzi hizo kazi hiyo ilihitaji karakana na ufundi. Baadaye kampuni zikaanza kuuza vifurushi vya vipuri ambavyo havijakamilika, ili visihesabiwe kuwa bunduki. Mnunuzi alitoboa matundu machache, akakata hapa na pale, akamaliza kazi. Katika kesi iliyofika Mahakama ya Juu ilielezwa kwamba mtu ambaye hakuwahi kukiona kifurushi cha aina hiyo alikiunda kikawa bastola kwa dakika 21.

Matokeo yalionekana. Mwaka 2017 polisi walipeleka serikalini bunduki kama 1,600 za namna hiyo ili zifuatiliwe. Mwaka 2021 zilizidi 19,000. Tarehe 14 Novemba 2019, katika shule ya sekondari ya Saugus, mjini Santa Clarita, California, kijana wa miaka 16 aliwaua wanafunzi wawili kwa bastola iliyoundwa kutokana na kifurushi, kisha akajiua. Kwa umri wake, hakuna duka ambalo lingeruhusiwa kumuuzia bastola.

Majimbo hayakungoja Washington. Tangu 2018, mtu wa California anayetaka kujiundia bunduki lazima kwanza aombe namba kwa Idara ya Sheria ya jimbo. Mwaka huohuo New Jersey ilipiga marufuku kununua vipuri kwa nia ya kuunda bunduki isiyofuatilika, na hata kuwagawia wasio na leseni mafaili ya kompyuta ya kuchapa bunduki kwa printa za 3D. Nevada ilifuata 2021. Illinois ilitunga sheria yake 2022, ikawapa waliokuwa nazo muda wa kuzipigia namba. Colorado na Oregon ziliingia 2023.

Wapinzani wana hoja, na tunaona ni haki kuzieleza. Wanasema Wamarekani walijiundia bunduki tangu kabla ya taifa lao kuzaliwa, na kwamba haki ya kumiliki silaha imo katika katiba. Wanauliza pia: mhalifu anayeweza kuikwangua namba ataogopaje sheria ya namba? Swali ni zuri. Jibu letu ni kwamba sheria hizi hazimlengi tu mhalifu sugu. Zinamlenga muuzaji anayemtumia mtu kifurushi bila kumchunguza, na zinamzuia kijana mwenye hasira na kadi ya benki ya mzazi. Kufuli halimzuii kila mwizi, lakini hatulali milango wazi.

Serikali ya shirikisho nayo ilitoa kanuni mwaka 2022 kwamba vifurushi vilivyo rahisi kuunganishwa vihesabiwe kuwa bunduki: muuzaji awe na leseni, namba ipigwe, mnunuzi achunguzwe. Machi 2025 Mahakama ya Juu iliikubali kwa kura 7 dhidi ya 2. Hukumu iliandikwa na Jaji Neil Gorsuch. Hata hivyo kanuni si sheria ya bunge. Serikali nyingine inaweza kuibadilisha, ndiyo maana sheria za majimbo bado zina uzito. Udhaifu wake ni mipaka: mtu akitoka Chicago akaingia Indiana, hazimfuati.

Jambo hili linatugusa sisi kwenye chama kwa namna mbili. Kwanza, wengi wetu tuna viza za F-1 au J-1. Kwa sheria ya shirikisho, mwenye viza hiyo kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki au risasi, iwe na namba au isiwe nayo. Misamaha ipo michache, kwa mfano kwa mwenye leseni halali ya kuwinda. Pili, vyuo vingi vina printa za 3D zilizo wazi kwa wanafunzi. Rafiki akikuomba umchapie "kipande kidogo tu", kiulize ni cha nini. Ukijibiwa kwa mzaha, kataa. Katika baadhi ya majimbo kipande hicho ni kosa la jinai, na kwa mgeni kosa hilo linaweza kumaliza masomo na ukaazi kwa mpigo. Na kabla ya kuhamia jimbo jingine, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ni mahali pazuri pa kuuliza sheria za huko.