Epo Likiwa Unga Msilitupe, Lipikeni



Tukiwatembelea akina mama wa Mji wa Kale, lalamiko hili tumelisikia mara nyingi. Mtoto anaumwa, hataki kula. Mama anatoa pesa ya sabuni, ananunua maepo mawili dukani, mekundu, yanang'ara. Mtoto anauma mara moja, anatema. Ni unga mtupu! Pesa imekwenda. Sasa tufanyeje?

Kwanza tujue sababu. Hatusemi tofaa letu la pwani, lile lenye maji mengi. Epo ni tunda la nchi za baridi. Mengi yanayouzwa Mombasa hutoka Afrika Kusini. Huko huvunwa karibu Februari hadi Mei, kisha huwekwa katika vyumba vya baridi, pengine kwa miezi. Likifika kwenye joto letu, hulainika kwa siku chache. Wala mng'aro si ushahidi, maana mengi hupakwa nta. Mnaponunua, chagueni lililo gumu na zito, ngozi isiyokunjamana.

Epo la unga si bovu. Lipikeni hivi:

1. Osheni kilo moja, menyeni, toeni mbegu, kateni vipande.
2. Tieni sufuriani na nusu kikombe cha maji, sukari vijiko vinne vya mezani, kijiti cha mdalasini na karafuu mbili. Viungo hivi pale Marikiti vyapatikana kwa kiasi kidogo tu.
3. Funikeni, moto uwe mdogo, dakika 15 hadi 20.
4. Epueni, toeni viungo, kamulieni ndimu moja.

Kuleni kwa chapati, au mtieni mtoto kwenye uji. Kama hakuna friji, kiishe siku hiyo hiyo.

Lakini angalieni! Lililochubuka kidogo, kateni pale palipochubuka. Lililooza au lenye ukungu, tupeni lote. Ukungu wa maepo waweza kuacha sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Kwa hiyo kikundi kikiuziwa maepo ya bei ya kutupa ili kipike na kuuza, yachambueni moja moja. Msitafute faida kwa tumbo la mtoto wa mwenzenu.

Na jambo la mwisho. Wengi wetu twaamini kitu cha ghali ndicho chenye nguvu. Sivyo. Gramu 100 za mapera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200. Epo la uzito huo huo halifikishi hata 10. Basi epo lililokwisha kununuliwa tulipike, lisipotee. Lakini kesho, pesa ile ile ya maepo mawili, tuulizane kwanza: ingetupa mapera mangapi?

Lijadilini katika mkutano wenu ujao, na mwenye njia nyingine ya kupika awafundishe wenzake.