Maktaba ya Pamoja Ikae Panapojulikana

Programu nyingi za kompyuta hazifanyi kazi zote zenyewe. Ile ya barua pepe na ile ya kuhifadhi kumbukumbu za ofisi zinaweza kutegemea faili moja inayofumba mawasiliano yasisomwe njiani. Faili ya namna hiyo huitwa maktaba ya pamoja. Iwekwe wapi wakati wa kusakinisha? Swali hili linamhusu hata karani wa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, kwani faili inapokaa ndipo panapoonyesha nani atawajibika kuirekebisha.

Kwenye Linux, utaratibu uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1994 umekomaa hivi: maktaba za mfumo hukaa /usr/lib, anazojenga msimamizi wa mashine mwenyewe huenda /usr/local/lib, na programu inayokuja na vitu vyake vyote hupewa /opt. Faida ya mpangilio huu ilidhihirika Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, iliyoruhusu mtu wa mbali kuchungulia kumbukumbu ya seva. Penye nakala moja ya maktaba hiyo kwa mfumo mzima, sasisho moja lilitosha, kisha huduma zikazimwa na kuwashwa upya. Programu zilizobeba nakala zao zilibaki na tundu lile lile mpaka kila mtengenezaji atoe rekebisho lake.

Wapo wanaosema diski siku hizi ni rahisi, basi kila programu ijibebee maktaba zake, isivurugwe na toleo la mwenzake. Hofu ya kuvurugana ni ya kweli, ila dawa yake ipo tangu zamani: namba ya toleo huandikwa kwenye jina la faili, hivyo libssl.so.1.1 na libssl.so.3 za OpenSSL hukaa folda moja bila kugombana. Na diski hata ikiwa rahisi, bando halijawa rahisi. Kupakua maktaba ile ile mara kumi ndani ya programu kumi ni mzigo kwa ofisi inayonunua intaneti kwa kipimo.

Hoja nzito zaidi ya kupinga ni kwamba mifumo yenyewe ya Linux haikubaliani: Fedora hutumia /usr/lib64, Debian /usr/lib/x86_64-linux-gnu, ili maktaba za mashine za aina tofauti zikae pamoja. Kwa hiyo mwandishi wa programu asikaze njia moja ndani ya msimbo. Aache nafasi ya kuchagua, na anayeandaa kifurushi cha Debian au cha Fedora ajaze njia ya mfumo wake.