Sindromu ya Stevens-Johnson

Sindromu ya Stevens-Johnson ni madhara ya nadra lakini ya hatari yanayosababishwa hasa na dawa. Imepewa jina la Albert Stevens na Frank Johnson, madaktari wa Marekani walioieleza mwaka 1922.

Huanza kwa homa, kisha malengelenge hutokea mdomoni, machoni na mwilini, na ngozi hubanduka. Mgonjwa anaweza kupofuka au kufa.

Nchini Tanzania ilizua hofu baada ya SP, dawa ya malaria yenye salfa, kuchukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001. SP bado hutolewa kwa wajawazito ili kuwakinga na malaria. Kotrimoksazoli na nevirapini pia zinaweza kuisababisha.

Mwenye dalili hizo awahi hospitali. Dawa iliyomdhuru huachwa mara moja, wala asiitumie tena maishani.